Kipimo cha maji ya tangi kwa ESP32: maandalizi ya somo la vitendo Tanga

Wapenzi wa programu huria kumi wakikutana Tanga kwa nusu siku, wape kazi ambayo kesho yake itatumika nyumbani. Kupima maji ya tangi kunafaa kuliko kuwasha na kuzima taa ndogo, kwani hakuna apendaye kupanda ngazi juani kwenda kuchungulia.

Wagawe wawili wawili. Kila jozi inahitaji bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), sensa ya JSN-SR04T isiyoingiza maji, inayopima umbali hadi maji kwa mwangwi wa sauti, rezista ya 1 kΩ na ya 2 kΩ, kapasita ya 470 µF ya volti 10 au zaidi, bredibodi (ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu), nyaya za kuunganishia na waya wa USB. Andaa seti saba, si tano. Waya wa USB ndio unaopoteza muda kuliko vyote: nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazina nyuzi za data, hivyo taa ya bodi inawaka na kompyuta haioni kitu. Jaribu kila mmoja mapema, ulio mzima uufunge utepe.

Intaneti ya ukumbini usiitegemee. Weka kwenye fleshi Thonny (programu ya kuandikia kodi), faili la MicroPython (Python ya bodi ndogo), esptool ya kuliandika faili hilo kwenye bodi, na draiva za CP210x na CH340, chipu za USB za bodi hizi. Kwenye Linux, mtumiaji aongezwe kundi la dialout linaloruhusu kuwasiliana na bodi, atoke na kuingia upya. Kwa ESP32 ya kawaida MicroPython huandikwa kuanzia anwani 0x1000. Ukianzia 0x0 haitawaka.

Sasa nyaya, na hapa usiwe na haraka. Sensa hula volti 5 na Echo yake, pini inayotoa jibu la mwangwi, hutoa volti 5, ilhali pini za ESP32 ni za volti 3.3. Pitisha Echo kwenye 1 kΩ hadi GPIO 26 (pini namba 26 ya ESP32), kisha kutoka GPIO 26 shusha 2 kΩ hadi GND (upande hasi). Theluthi mbili ya 5 ni 3.3. Anayeruka hatua hii anaweza asione kasoro siku hiyo, pini ikafa bodi ikiwa tayari darini. Kagua kila jozi kwa multimita kabla ya kuwasha. Trig, pini ya kuiamuru sensa ipige sauti, iende GPIO 25. Iepuke GPIO 12, maana ikiwa na umeme wakati wa kuwaka bodi hukwama, na pini 6 hadi 11 ni za kumbukumbu ya bodi yenyewe. Kapasita ikae kati ya 5V na GND: Wi-Fi ikianza hunyonya umeme kwa ghafla, volti hushuka na bodi hujizima na kuwaka upya.

Kwenye programu, inua Trig kwa mikrosekunde 20, kisha soma time_pulse_us(echo, 1, 30000), inayotoa muda wa mwangwi kwa mikrosekunde. Jibu hasi litupwe. Chukua vipimo vitano, ukiacha milisekunde 60 kati yake, uchague cha katikati. Wastani haufai: mwangwi mmoja uliogonga bomba unauharibu wote.

Kugawanya mikrosekunde hizo kwa 58 ili kupata sentimita kunachukulia hewa ya nyuzi 20 hivi. Joto la kaskazi hewa ya tangini ikifika nyuzi 35, sauti hukimbia mita 352 kwa sekunde badala ya 343, na kwa umbali wa mita 1.5 kipimo kitaonyesha maji yako juu kwa sentimita 3 hadi 4 zaidi. Kasi ya sauti ipate kwa 331.3 + 0.606 × joto. Sensa ya joto ya DS18B20 na rezista ya 4.7 kΩ zinatosha.

Chini ya sentimita 25 sensa haioni sawasawa, kwa hiyo iinue juu ya kiwango cha tangi likijaa, mbali na ukuta na bomba la kuingizia.

Bredibodi isiachwe huko juu. Hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani na mguso hukatika. Lehemu kila kiungo, pakaa vanishi bila kugusa soketi ya USB wala uso wa sensa, na tundu la waya kwenye boksi litazame chini.