Kichwa cha mawazo au ugonjwa?

Kichwa kinachouma kwa sababu ya mawazo hubana pande zote mbili, kama umefungwa kitambaa kwa nguvu, na hakigongi. Bonyeza kwa vidole misuli ya kisogoni, shingoni na mabegani: ukiyapata maumivu yale yale, inaelekea ni misuli iliyokaza. Kisha panda ngazi. Kichwa cha mawazo kwa kawaida hakizidi ukitembea wala hakikutapishi. Kipandauso ndicho huzidi.

Ukiwa na homa, usisingizie stresi, kapime malaria siku hiyo hiyo. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 apimwe presha kwanza. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, maumivu yakilipuka ghafla ndani ya dakika moja, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali sasa hivi, hata kama kweli una mawazo mengi. Mwenye msongo naye hupata kiharusi.

Na hesabu vidonge, tafadhali. Parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa, na wengi hapo ndipo huongeza dozi.