Kukinga mkojo wa kupima: hatua kwa hatua

Sampuli za mkojo ndizo zinazonifikia maabara zikiwa zimeharibika mara nyingi. Simlaumu mgonjwa: amepewa kopo, akaonyeshwa choo, basi.

Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudi mwilini. Lita moja au mbili zinazobaki hubeba yurea (taka inayotokana na protini) na chumvi zilizozidi hadi kwenye kibofu. Huo wa kibofuni ndio tunaoutaka. Shida ni kwamba unapotoka hupita mrija wa mwisho, na mdomo wa mrija huo una bakteria wa ngozi hata kwa mtu mzima wa afya.

Hatua ya 1. Subiri mkojo ujae. Wa kwanza baada ya kuamka ndio bora, kwa kuwa umekolea. Tena, bakteria wanaosababisha maambukizi huhitaji kama saa 4 kibofuni ili wageuze naitreti, kemikali ya kawaida ya mkojo, kuwa naitraiti, na naitraiti ndiyo inayobadilisha rangi ya kijiti cha kupimia. Usijaze maji tumboni ili uharakishe, utauzimua.

Hatua ya 2. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua kopo, mfuniko ulaze chali, ndani usiguse.

Hatua ya 3. Jisafishe kwa maji safi. Mwanamke atenge mashavu ya uke kwa vidole, apanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na asiyaachie mpaka amalize kukinga. Mwanaume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Dawa ya kuua vijidudu usitumie kwa uamuzi wako, maana ikiingia kwenye kopo hupotosha majibu.

Hatua ya 4. Anza kukojoa chooni. Mkojo wa mwanzo husuuza mrija. Bila kuukata, ingiza kopo, kinga hadi nusu, litoe, kisha malizia chooni.

Hapa ndipo wengi hukosea: hukinga tangu tone la kwanza wakihofia mkojo utaisha. Mimi huliona kosa hilo kwenye darubini: chembe pana za ngozi, bapa, kiini kidogo katikati, kingo zimekunjika, na bakteria wamejaa juu yake. Siwezi tena kujua bakteria hao ni wa kibofuni au wa nje, na mtu anaweza kuishia kunywa antibayotiki asizozihitaji. Vipimo vya baadhi ya magonjwa ya zinaa tu ndivyo hutaka mkojo wa mwanzo, na utaambiwa.

Hatua ya 5. Funika, andika jina na saa kwenye kopo lenyewe, si kwenye mfuniko. Kama uko kwenye hedhi, sema, la sivyo tutahangaika na damu isiyotoka kwenye figo wala kibofu. Lifikishe ndani ya saa moja, kwani bakteria huzaliana humo humo koponi. Ikishindikana, liweke kwenye friji, lisigande, na hata hivyo lisizidishe saa 24.