Ukinyimwa nyaraka za upanuzi wa kiwanja cha ndege: jinsi ya kuomba na jinsi ya kupinga

Mwongozo huu ni wa Mkenya anayeishi kando ya kiwanja cha ndege, ambaye ameona wapimaji wakipita mashambani na kuacha vigingi vyekundu, na kila ofisi anayoingia anaambiwa "mambo bado". Nimeipitia njia hii kwa ajili ya kiwanja kidogo cha huku kwetu pwani. Nilinyimwa, nikapinga. Sheria inatulinda kuliko wengi wanavyodhani, ila haimsubiri asiyeshika tarehe.

Sheria yenyewe ni ya Upatikanaji wa Habari, Namba 31 ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Wakili huhitaji. Barua unaiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Kuwasilisha ombi ni bure. Wanachoweza kukutoza ni gharama halisi ya kutoa nakala. Ukiulizwa "hizi karatasi unazitakia nini?", huna lazima ya kujibu, kwa sababu kifungu cha 4 kinasema haki yako haitegemei sababu ulizo nazo wala zile wanazokudhania. Sema hivyo kwa adabu, kisha uiache barua mezani.

Muandikie mkuu wa taasisi, maana kwa mujibu wa kifungu cha 7 yeye ndiye afisa wa kutoa habari, hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Viwanja vingi vya umma viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA), lakini ardhi ya kuongeza inaweza kuwa inashughulikiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi, na mambo ya mazingira yako NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Andika kwa zote tatu siku moja. Ofisi ikiona kwamba unachotaka kiko kwingine, inatakiwa kulihamisha ombi lako ndani ya siku 5 na kukujulisha. Mimi niliambiwa kwa mdomo tu kwamba barua "imepelekwa wizarani", na wizarani hakuna aliyekuwa ameiona. Ukiambiwa hivyo, omba nakala ya barua iliyoihamisha.

Sasa njoo kwenye jambo linaloamua kila kitu: usiombe "mipango", omba hati. Ukiandika "naomba mipango ya upanuzi wa kiwanja", umewapa jibu tayari. Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia habari ambazo zikitoka zitavuruga kazi ya taasisi kwenye jambo ambalo bado linajadiliwa, na mipango ya serikali huwa inajadiliwa hadi siku tingatinga linapofika. Taja karatasi ambazo zimeshakamilika na kutiwa sahihi. Ramani ya upimaji inayoonyesha mpaka wa sasa na mpaka unaopendekezwa, pamoja na namba za viwanja vitakavyoguswa. Ripoti ya upembuzi yakinifu. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kumbukumbu za mikutano ya hadhara pamoja na orodha ya mahudhurio. Hii usiisahau kabisa, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kama wananchi waliitwa kweli au waliitwa wageni wa chifu peke yao. Mkataba wa mshauri aliyechora. Barua za kuiomba Tume ya Ardhi ianze kutwaa ardhi, kama zipo. Kila moja ipe namba yake kwenye barua yako, ili wakikataa, wakatae moja moja. Kisha ongeza sentensi hii: "Iwapo sehemu ya hati ni ya siri, naomba mfunike sehemu hiyo na kunipa iliyobaki."

Kabla hujasubiri jibu lolote, pitia Gazeti Rasmi la Serikali. Ardhi ya mtu haitwaliwi kwa lazima bila Tume ya Ardhi kutangaza nia hiyo humo, na matangazo ya ripoti za mazingira pia hutoka humo na kwenye magazeti ya kawaida. Kilichotangazwa hakiwezi tena kuitwa siri.

Chapisha barua nakala mbili na uzipeleke masjala mwenyewe. Moja ibaki kwao, nyingine urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokea wenye tarehe inayosomeka. Muhuri ukitoka hafifu, omba wagonge tena. Nilisimama dirishani mpaka karani akatafuta wino, na muhuri ule ndio baadaye uliokuwa ushahidi wangu wa kwanza. Ukituma kwa barua pepe, ihifadhi na uiombe ofisi ithibitishe kuipokea.

Toka siku hiyo wana siku 21 za kuamua. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wanaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, pale karatasi zinapokuwa nyingi mno au inapobidi waulize ofisi nyingine. Muda ukiisha nao wamenyamaza, kifungu cha 9 kinahesabu kimya hicho kuwa wamekataa. Wengi hukwama hapa. Wanaambiwa faili iko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina, njoo wiki ijayo, nao wanakuja wiki ijayo kwa heshima zote, kumbe siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki zinaenda. Kimya kikishatimiza siku zake, usimsubiri mtu.

Wakijibu kwa kukataa, sheria inawataka waseme kama hati wanazo, sababu ya kukataa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Barua niliyopata ilikuwa na sentensi moja: habari ulizoomba ni za siri kwa sasa. Niliandika kuuliza ni sehemu ipi ya kifungu cha 6 wanayoitegemea kwa kila hati. Hawakujibu, na kutojibu huko kulinisaidia mbele. Barua ya namna hiyo iandike, lakini isikucheleweshe kwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Wakisema ni usalama wa taifa, kumbuka kwamba mpaka wa shamba lako na la jirani hauwezi kuwa siri ya kijeshi. Wakisema ni siri ya kibiashara ya mwekezaji, watajie kesi ya mikataba ya reli ya SGR. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, wa vuguvugu la Okoa Mombasa, walinyimwa mikataba hiyo wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Serikali ilijitetea kwa vipengele vya usiri vilivyomo kwenye mikataba. Mei 2022 mahakama iliamua kwamba haki yao imekiukwa na kuamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi alitoa hadharani mikataba ya mkopo. Na ukiulizwa manufaa ya umma ni yapi, taja JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi: pendekezo la kampuni ya Adani ya India la dola bilioni 1.85 na kuendesha uwanja kwa miaka 30, wananchi walilijua Julai 2024 karatasi zilipovuja. Mahakama ililisimamisha, wafanyakazi wakagoma, na Novemba Rais akalifuta. Haifai tungojee uvujaji ndipo tujue ardhi yetu inapangiwa nini.

Malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, CAJ, ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Makao yake ni Westlands, Nairobi, ina matawi kama la Mombasa na Kisumu, na huduma yake ni bure. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi. Tume inaweza kukuongezea, lakini usiitegemee huruma hiyo. Peleka nakala ya ombi yenye muhuri, barua ya kukataliwa au maelezo ya siku walizonyamaza, na ukurasa mmoja unaoeleza kwa kila hati kwa nini sababu yao haisimami. Ukurasa huo ndio unaosomwa kwanza. Kwangu, Tume ilipoiandikia ofisi ile, ramani na kumbukumbu za mikutano zilitoka. Mkataba wa mshauri bado naupigania.

Tume ina mamlaka ya kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika, wewe au wao, ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo zikipita bila rufaa na ofisi bado imekaidi, amri ya Tume inaweza kupelekwa Mahakama Kuu itekelezwe kama amri ya mahakama. Hapo sasa tafuta wakili.