Kamera mpya, jua letu na ngozi zetu: namna ya kuachana na otomatiki

Mdogo wangu alinunua DSLR, zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi, iliyotumika. Siku ya tatu akanipigia: "Kaka, nimeuziwa mbovu. Nikichungulia naona ukungu mtupu." Nikamwambia ailete. Nikazungusha kidude kimoja pembeni ya kitundu cha kuchungulia, nikamrudishia. Akatazama, akaanza kucheka. Kamera ilikuwa nzima, ila mwenye nayo wa zamani alikuwa na macho tofauti na yake.

Basi tuanzie hapo hapo.

Hatua ya 1: Rekebisha kitundu kiendane na jicho lako

Chungulia ukiwa umeelekeza lenzi ukutani. Usiangalie ukuta, angalia namba ndogo zinazowaka chini. Zungusha kile kigurudumu kilicho kando ya kitundu mpaka namba zisomeke vizuri. Kazi ya nusu dakika, na wengi hawajui hata kama kidude hicho kipo.

Hatua ya 2: Weka gurudumu la juu kwenye A au Av

Nikon wanaandika A, Canon wanaandika Av. Hapo wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, kamera inatafuta yenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaachiwa uingie. Kumbuka jambo moja linalowachanganya wageni: namba ndogo ni tundu kubwa. f/1.8 inaingiza mwanga mwingi, f/16 inaingiza kidogo sana. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya 18-55, kwa kawaida inaanzia f/3.5 ikiwa kwenye 18 na f/5.6 ukivuta mpaka 55.

M, ambako unachagua tundu na shata mwenyewe, iache kwanza. Wanaokwambia mpiga picha wa kweli hutumia M tu wanataka kukutisha. Mimi nalipwa kwa kazi hii na mchana kutwa niko kwenye A.

Hatua ya 3: Kitufe cha +/-

Ukiniuliza nikufundishe kitu kimoja tu, nitakufundisha hiki.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Chochote ulicho nacho mbele, kinataka picha iwe na mwanga wa wastani, kama kijivu. Sasa mweke mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inasema "mwanga umezidi", inapunguza. Ukuta unageuka kijivu na uso wa mtu unakuwa giza, yanabaki meno. Mweke mtu huyo huyo mbele ya mlango wa chumba chenye giza, umsogelee. Kamera inaona weusi, inaongeza. Ngozi inapauka, inakuwa kama ya mtu aliyeoga bila kupaka mafuta.

Kwa hiyo wewe ndiye uisaidie kamera. Nyuma ya mtu kuna anga, bahari au ukuta mweupe? Shikilia kitufe cha +/- huku ukizungusha gurudumu la vidole, nenda +1. Nyuma kuna giza na uso umejaa fremu? Nenda -0.7 au -1. Halafu tazama picha, rekebisha tena. Na ukimaliza rudisha sifuri, maana nimeshapiga nusu ya kichen pati nikiwa nimesahau +1 ya jana yake.

Harusi yangu ya kwanza niliipiga kwa otomatiki. Ukumbi ulikuwa na mapazia meusi nyuma ya meza kuu. Kamera ikaona giza, ikaongeza mwanga. Fundi wa shela alikuwa ameshona shanga ndogo ndogo kifuani, kazi ya wiki nzima. Kwenye picha haikuonekana shanga hata moja. Kifua chote kilikuwa kama karatasi. Picha ikishaungua hivyo kwenye JPEG, faili ya kawaida ambayo kamera imeshaibana, hakuna programu itakayorudisha shanga.

Tangu siku ile nafanya mambo mawili. Kwanza, kwenye menyu ya kutazama picha nimewasha lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zipepese. Shela likipepesa, napunguza. Pili, kazi ya kulipwa napiga RAW, faili ghafi ambayo haijabanwa kama JPEG. Faili moja inaweza kula MB 20 na zaidi, lakini inaacha nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 4: Chagua saa na kivuli

Kwetu jua la saa sita mchana linakaa utosini. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni. Usipambane nalo. Msogeze mtu barazani, kwenye ukingo wa kivuli, uso uelekee nje kwenye mwanga. Kama ardhi iliyo mbele yake ni mchanga mweupe au saruji, mwanga utadunda na kumjaza chini ya macho bila wewe kununua kitu. La sivyo, mtu ashike shuka jeupe usawa wa kiuno.

Jioni ni kuanzia saa 11. Usichelewe, jua la huku likianza kuzama halibembelezi.

Hatua ya 5: Nukta moja ya fokasi, kwenye jicho

Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, mara nyingi inashika kilicho karibu: ua la mkononi au maiki ya MC. Chagua nukta moja, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe cha kupigia nusu ili fokasi ishike, kisha piga.

Ukipata hela, nunua lenzi ya 50mm f/1.8 kabla ya kufikiria kubadili kamera. Ila ukiwa na Nikon D3500 au D5600, angalia sana: miili hiyo haina mota ya fokasi ndani. Ile 50mm ya zamani yenye herufi D itaingia vizuri, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Unayoitaka ni AF-S, yenye mota yake ndani ya lenzi na herufi G. Na usiikimbilie f/1.8 kila saa. Ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, eneo kali ni kama sentimita tatu tu: jicho lipo, sikio limeshapotea. Watu wawili wakae f/4.

Hatua ya 6: Ukumbini usiku

Hapa sasa nenda M: shata 1/125 ya sekunde, tundu kubwa uwezavyo, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache otomatiki na kikomo chake 3200. Muziki ukianza, 1/250. Chengachenga kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja kubwa. Zifomati ndani ya kamera.

Hatua ya 7: Unyevu wa pwani

Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, kote huku fangasi huota ndani ya lenzi, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Begi lililofungwa chini ya kitanda ndiyo shamba lake. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka kamera pamoja na chembe za silika. Zile za bluu zikigeuka waridi zimeshiba maji. Zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zirudi bluu, ziache zipoe ndipo uzirudishe. Mchele usiweke, unaacha unga kwenye vifungo.