Hoteli kuukuu za bei poa La Paz: chunguza chumba kabla hujatoa pesa

Ndugu zangu wa Uganda mnaopanga kwenda Bolivia, iwe ni masomo, kanisa, biashara ama kutembea tu, kabla hujabuki hoteli ya bei rahisi pale La Paz jua kwamba picha na bei havitoshi kabisa. Ule mji uko juu, mita kama 3,640, na sisi Kampala tuko kwenye 1,200 hivi. Yaani hata kambi ya John Matte kule Rwenzori, ambako watu wanafika wameshapanda siku mbili, iko chini kuliko kitanda utakacholalia. Sasa changanya huo mwinuko na jengo la zamani lisilo na haita, lifti imekufa, maji ya moto ni ya kubahatisha, utaona kwa nini nasema chumba ndicho cha kuchunguza, jina la hoteli baadaye.

Kwanza safari yenyewe. Kutoka Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Amerika ya Kusini, njia moja ni Addis Ababa mpaka São Paulo halafu unaingia Bolivia, kwa hiyo ulizia mapema viza ya Bolivia na pia ya kupitia Brazil. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti, maana Uganda ni nchi yenye ugonjwa huo na wataitaka. Uwanja wa La Paz uko El Alto, mita zaidi ya 4,000, unashuka tu kwenye ndege na pumzi inakata. Kama una siku za ziada lala kwanza Cochabamba, kule ni kama mita 2,560, mwili unaanza kuzoea taratibu.

Hoteli za bei nafuu nyingi ziko karibu na kanisa la San Francisco, mitaa ya Sagárnaga na Illampu. Mabango yataandikwa hostal, residencial ama alojamiento, hayo yote ni ya kulala. Ukiona motel pita tu, hizo ni za kulipia kwa saa.

Ukifika mapokezi usitoe pesa. Sema «¿Puedo ver el cuarto?» uonyeshwe chumba, hawakasiriki, ni kawaida. Omba cha chini, ghorofa ya kwanza ama ya pili, kwa sababu kupanda ngazi za ghorofa nne na begi kwenye hewa ile kunaweza kukuharibia siku mbili, kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, usingizi hakuna. Halafu angalia dirisha linatazama wapi, na hapa sisi tuliozoea jua la utosini huwa hatufikirii, kule wako kusini mwa ikweta mbali kidogo kwa hiyo miezi ya Mei mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini, chumba chenye dirisha la kaskazini kinashika joto mchana na usiku unapona, kile kinachotazama uani kimya ni kweli lakini ni friji. Na miezi hiyo ndiyo baridi yenyewe, usiku inashuka mpaka karibu na sifuri, baridi ya Kabale ni cha mtoto. Blanketi zinaitwa frazadas, omba mbili za ziada mchana kabla wengine hawajazimaliza.

Maji ya moto yachunguze kwa mkono wako, fungua bomba palepale mwenye hoteli akiwa amesimama. Herufi C ni moto na F ni baridi, usije ukajiunguza. Mara nyingi ni zile shawa za umeme zenye koili ndani ya kichwa, kama instanti za kwetu, ukitaka moto zaidi punguza maji, usiongeze. Waya ukiwa wazi ama umefungwa kwa selotepu, kataa chumba hicho, usione haya. Zikiwa sawa bado vaa ndala za mpira na usishike kichwa cha shawa wala bomba la chuma maji yakitoka. Lakini ninachokiogopa zaidi ni haita ya gesi, calefón, iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na dirisha, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua mtu usingizini. Hapo hakuna kujadiliana bei, toka utafute kwingine.

Inua shuka, angalia mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kitanda, vidoti vyeusi ni kunguni. Kufuli jaribu kwa ndani.

Umeme wao ni kama volti 230, chaja yako itafanya kazi ila plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii, beba adapta. Soketi za majengo yale zimechoka, usichomeke pasi. Karatasi ya chooni itupe kwenye ndoo pembeni kwa sababu mabomba ni membamba yanaziba haraka. Maji ya bomba usinywe, na ukichemsha acha yachemke dakika tatu nzima, maana kule yanachemka yakiwa kama nyuzi 88 tu.

Siku ya kwanza na ya pili tembea polepole, kula kidogo, pombe na dawa za usingizi acha. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Ila mtu akianza kuchanganyikiwa, akayumba akitembea, ama akakosa pumzi amekaa tu, hiyo si ya kusubiri asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huohuo na ashushwe sehemu yenye mwinuko mdogo.

Usiku chukua radio taxi iliyoitwa na hoteli. Mtu akikusimamisha njiani akisema ni polisi anataka kukagua pochi yako, usipande gari lake, mwambie mrudi hotelini mkaongelee pale mapokezi, matapeli wa namna hiyo wapo. Mchana panda teleférico, zile kebo za angani zilizoanza 2014, ni bei ndogo na hazikuchoshi kama ile milima.

Asubuhi watakupa chai ya koka, ni halali kule na wengi wanasema inawatuliza. Inywe hukohuko lakini, majani usiyafunge kwenye begi la kurudi Entebbe, nchi nyingi nje ya kule yanahesabiwa dawa za kulevya, na kama kazini kwako wanapima mkojo basi hata kikombe kimoja kiache.