Kugawana ripita chini ya leseni moja: karatasi za kuwa nazo kabla redio haijawashwa

Natunza faili za kituo cha redio za upepo kwa kampuni ya mabasi ya shule hapa Marekani. Ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena ili yafike mbali, iko kilimani na leseni ni ya kampuni yetu, ila wanaozungumza kupitia ripita hiyo si sisi peke yetu. Kuna kampuni ya walinzi, na kuna zahanati inayosafirisha wagonjwa wake. Jambo hili linaruhusiwa kabisa. Hata hivyo, wenye teksi na malori ninaozungumza nao Kiswahili, wengi wao hubeba peke yao gharama ya mnara kwa sababu wanayaogopa makaratasi ya kugawana. Makaratasi yenyewe ni machache. Lakini hayo machache hayana mbadala.

Sheria inayohusika ni kanuni za FCC, tume inayosimamia mawasiliano, Jalada la 47, kifungu cha 90.179. Kisome chote, hakijai hata kurasa mbili.

Anza kwa kuuliza kama mwenzako anastahili. Mtu anaweza kutumia kituo chako kwenye masafa ambayo yeye mwenyewe angestahili kuombea leseni, basi. Sehemu ya 90 ya Jalada hilo ina makundi mawili ya masafa: usalama wa umma, kifungu cha 90.20, na viwanda na biashara, kifungu cha 90.35. Hili la pili ni pana. Linachukua biashara za kila aina, shule, mashirika ya hisani, taasisi za dini, hospitali na zahanati. Kwa hiyo msikiti au kanisa lenye magari yake linaweza kuingia kwenye ripita ya kampuni ya mabasi. Kampuni ya walinzi, kwa upande mwingine, haiwezi kualikwa kwenye masafa ya zimamoto, hata wakipendana vipi. Mimi humwomba kila mshiriki aniandikie barua fupi ya kueleza shughuli zake. Kanuni haidai barua hiyo. Naiomba kwa sababu kanuni inamtwika mwenye leseni, si mgeni wake, jukumu la kuhakikisha kituo kinatumiwa na wanaostahili kwa mambo yanayoruhusiwa.

Sasa mkataba. Mkigawana bila kutafuta faida, kila mmoja akichangia gharama tu, lazima pawe na mkataba wa maandishi kati ya mwenye leseni na kila mshiriki, na ueleze mambo manne: kituo kitaendeshwaje, ni vifaa vipi vinavyogawanwa, gharama zitagawanywa kwa njia gani, na kwamba kila matumizi ya mtambo wa kurushia yako chini ya udhibiti wa mwenye leseni.

Kwenye vifaa, andika kwa majina: ripita, antena, kebo, betri za akiba, nafasi mnarani. Kisha sema redio za mkononi na za kwenye magari zimo kwenye leseni ya nani, maana kanuni inamruhusu mshiriki kuombea zake leseni au kutumia zilizomo kwenye ya kwako.

Kwenye gharama, andika njia ambayo mtu yeyote anaweza kuikokotoa. Tuchukue mfano: kodi ya mnara, umeme, bima na matengenezo vinafika dola 4,800 kwa mwaka, na redio zote ni 40. Kila redio inabeba dola 120. Mwenye redio 12 analipa 1,440, mwenye 20 analipa 2,400, mwenye 8 analipa 960. Hesabu imefunga, hakuna kilichobaki mfukoni mwa mtu. Maneno kama "tutachangia kwa usawa" usiyakubali. Usawa wa mwenye redio 8 si usawa wa mwenye redio 20.

Jambo la nne ndilo ninalolipigania kuliko yote. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 hairuhusu udhibiti wa leseni uhamie kwa mtu mwingine bila idhini ya tume. Sentensi moja ya kukiri udhibiti inatimiza kanuni, lakini mimi naongeza vitendo vyenyewe: nani ana uwezo wa kuizima ripita saa yoyote, kwamba fundi wa mwenye leseni ndiye pekee anayeziwekea redio masafa, na kwamba anayeingilia mawasiliano ya wengine ataondolewa hewani kwanza, mazungumzo yafuate. Mshiriki anayesita kutia sahihi hapo, ni heri msianze.

Mkataba huo haupelekwi popote. Unakaa kwenye kumbukumbu za kituo, pamoja na vipimo vya mtambo na tarehe zake. Angalau mara moja kwa mwaka gharama zigawanywe, na ripoti ya mgawanyo iwekwe kwenye kumbukumbu hizo, tayari kwa washiriki na kwa tume wakiihitaji. Kumbukumbu hutunzwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mimi situpi mkataba ungali hai, hata uwe na miaka mingapi.

Ukikutana na namba 3060-0262, usishtuke. Kwa Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya mwaka 1995, idara ya serikali kuu haiwezi kuwadai wananchi kumbukumbu bila idhini ya Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, na idhini hiyo haizidi miaka mitatu kabla ya kuombwa upya. Namba hiyo ni ya idhini ya kifungu chetu hiki. Kila inapohuishwa, tume hutangaza na kupokea maoni ya umma. Wenye vituo vidogo tuandike, kwa sababu makadirio ya saa zinazotumika kwenye karatasi hizi yanatuhusu sisi.

Ripita ikiunganishwa na mtandao wa simu, soma pia vifungu vya 90.477 hadi 90.483. Ukitaka kutoza faida, masharti ni mengine, na kwenye masafa yanayozidi megahezi 800 ni aina chache tu za leseni zinazoruhusiwa. Ukitaka kumkodisha mtu masafa yenyewe badala ya kugawana kituo, hiyo ni njia tofauti, yenye Fomu 608.

Mshiriki akiondoka, mpe siku ya mwisho kwa maandishi, fundi afute masafa kwenye redio zake, mfunge hesabu ya miezi aliyotumia, na karatasi za mambo hayo matatu uzibane nyuma ya mkataba wake.