Una malalamiko kuhusu kaunti ya nyumbani na uko ng'ambo? Jua kwanza mlango wa kubisha

Baraza la jiji la Kisumu lilivunjwa mwaka 2013, lakini walioondoka kabla ya hapo bado humtafuta diwani na karani wa jiji. Siku hizi kuna pande mbili. Gavana na mawaziri wake wa kaunti ndio wenye fedha na kazi. Bunge la kaunti, lenye wawakilishi wadi (Kisumu wadi 35, Nakuru 55, bila kuhesabu wateule), hutunga sheria na kuwachunga hao wa kwanza. Kwa hiyo mtaro wa Nyalenda ukiziba, wa kujibu ni idara. Mwakilishi wadi unamwendea aibane.

Malalamiko mengi hufia hapa, kwenye anwani. Takataka, soko, zahanati, chekechea na kodi ya ploti ni za kaunti. Hati miliki, chifu na polisi ni wa serikali ya kitaifa, na basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa serikali ya kitaifa) ni ya eneo bunge. Barabara ndiyo huwachanganya watu zaidi: ya lami inayopita mbele ya nyumba yako yaweza kuwa ya KURA au KeNHA, mamlaka za barabara za kitaifa, na kaunti haiwezi kuigusa. Uliza kabla ya kuandika.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na jambo moja: namba ya ploti, tarehe, namba ya risiti, na unachotaka kifanyike. Itume kwa barua pepe kwa afisa mkuu wa idara, nakala kwa msimamizi wa wadi. Kisha mwombe ndugu yako achape nakala mbili azipeleke masjala. Moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe inayosomeka, naye akupigie picha papo hapo. Muhuri uliofifia urudiwe. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa barua haikufika, na hutakuwa na la kujibu.

Ukihitaji hati, kwa mfano mkataba wa ujenzi wa choo cha soko, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada, na ofisi ina siku 21 kuamua, au saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Haki hii ni ya raia. Kama ulichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 na hujaurejesha wa Kenya, ombi liandikwe na ndugu aliye raia. Ukinyimwa, nenda kwa Ombudsman, mpokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30. Huduma yake ni bure, na ana ofisi Kisumu na Eldoret. Hata ofisi ikikudharau tu au ikikuzungusha, mlalamikie yeye. Ila kesi iliyo mahakamani haigusi.

Mwenendo wa mwakilishi wadi mwenyewe, kama matusi kikaoni au kutumia cheo vibaya, unaandikiwa spika kupitia karani wa bunge la kaunti. Bunge lina kamati ya kuchunguza mwenendo huo, Kamati ya Mamlaka na Haki, chini ya sheria ya 2017. Akiwa haonekani bungeni, usitegemee uvumi: omba rejista ya mahudhurio. Kifungu cha 194 cha Katiba kinasema akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, wala maelezo ya kuridhisha, kiti huwa wazi.

Hongo na zabuni za kupeana ni za EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na unaweza kuripoti bila kutaja jina. Tunasisitiza hili: usianze kwa kulimwaga kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mtuhumiwa hupata nafasi ya kuficha karatasi, nawe ukikosa ushahidi unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina.

Jambo likigusa wadi nzima, andikeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inawapa haki hiyo. Elezeni mlikojaribu kabla na jibu mlilopata, semeni kama kuna kesi mahakamani, malizieni kwa ombi moja wazi, kisha majina, namba za vitambulisho na sahihi. Kwa yanayohusu ploti yako, mtu wa kukuwakilisha awe na hati ya uwakilishi uliyotia sahihi mbele ya ubalozi au mthibitishaji huko uliko.